Mama Yuko Wapi? Rosa Mistika na Kifungu cha 17

Mwaka 1971 nchi yetu ilipata maandiko mawili mapya juu ya msichana. La kwanza ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika. La pili ni Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka huohuo. Riwaya iliandikwa kwa Kiswahili, na kwa kipindi ikapigwa marufuku mashuleni. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, ikaanza kutumika mwezi Mei kwa watu wote, wakiwamo wale wasioweza kuisoma. Katika maktaba maandiko haya mawili hayakai hata chumba kimoja: moja liko kwetu, jingine liko kwa wanasheria. Nakusudia hapa kuyakalisha pamoja.

Swali langu ni hili. Sheria za kumlinda mtoto sasa tunazo, tena kali. Kwa nini basi zinamkinga mtoto mmoja na kumwacha mwenzake aliyekuwa naye dawati moja? Jibu la kila siku tunalijua: wananchi hawana elimu, mila zimepitwa na wakati, watendaji wanakula rushwa. Sibishi, yote yapo. Lakini ninavyoona mimi, sehemu ya ubovu imo ndani ya maandishi yenyewe, namna yalivyowapanga wahusika wake na aliyenyimwa kauli humo. Kazi ya kuliona hilo ni yetu sisi wa fasihi kama ilivyo ya wanasheria, ila tumejidharau.

Najua wapo watakaoniambia kwamba sheria si kazi ya sanaa. Sawa. Haina tamathali, haina taharuki, na msomaji husinzia mapema. Lakini wahusika inao. Ina anayesema na anayesemewa, ina anayeingia jukwaani na anayebaki nyuma ya pazia. Tukiweza kuuliza kwa nini mtunzi wa tamthilia amemnyamazisha mhusika fulani, nani katukataza kumuuliza hivyohivyo mtunga sheria?

Tuanze na Kifungu cha 13. Mwanamume haruhusiwi kuoa kabla hajatimiza miaka 18. Mwanamke anaruhusiwa kuolewa akiwa na 15. Na mahakama inaweza kutoa ruhusa maalumu hata kwa mwenye 14. Kifungu hiki ndicho kilichopigiwa kelele, na kwa haki. Lakini kwa msomaji wa fasihi utamu, au niseme uchungu, uko Kifungu cha 17. Hapo inaelezwa kwamba msichana ambaye hajafikia 18 atahitaji idhini kabla ya kuolewa. Idhini ya nani? Ya baba yake. Baba akiwa amekufa, ya mama yake. Wote wawili wakiwa wamekufa, ya mlezi.

Tazama jinsi mama anavyoingia jukwaani. Anaingia akiwa mjane. Maadamu mume anapumua, mama huyu katika kifungu hiki hana mstari hata mmoja wa kusema. Hakukatazwa kusema, hapana, hakuandikiwa tu. Na si kwamba mtunga sheria alikuwa hajui kuandika pingamizi. Kifungu kinaendelea kusema kwamba kama idhini inazuiwa bila sababu ya haki, mahakama inaweza kuitoa yenyewe. Maana yake baba anayekataa anaweza kushitakiwa na kushindwa. Je, baba anayekubali pasipostahili? Huyo hakuwekewa wa kumpinga. Sheria inamruhusu mtu yeyote kupeleka pingamizi kwa msajili iwapo anajua kuna kizuizi cha kisheria. Lakini binti ana 15, baba karidhia, kizuizi kiko wapi? Machozi ya mama hayamo katika orodha ya vizuizi.

Ili nisiionee sheria, niseme pia kwamba Kifungu cha 16 kinataka wanaooana wawe wameridhia wenyewe kwa hiari. Hilo ni jambo kubwa kwa mwaka 1971 na wapo wanaolisifu. Mimi nauliza tu: hiari ya mtoto wa miaka 15 mbele ya baba yake, sebuleni, wageni wameshaketi, mbuzi kafungwa nje, hupimwaje?

Sasa twende kwa Kezilahabi. Kule Namagondo, Ukerewe, tunakutana na Zakaria, mlevi na mkali, na mkewe Regina, na binti zao. Rosa anapata barua kutoka kwa Charles, mvulana tu, na Zakaria anampiga karibu ya kumuua. Wahakiki wengi, na vile vitini tulivyokariri kidato cha tano na sita, humsoma Zakaria kama mfano wa malezi mabaya: ukali uliozidi ulimfanya Rosa asijue kujitawala alipofika mahali pasipo na baba. Ndivyo, na riwaya inaruhusu usomaji huo. Lakini hebu mtazame Zakaria kwa macho ya Kifungu cha 17. Huyu ndiye mtu ambaye sheria ya mwaka uleule ilimkabidhi ufunguo. Sheria iliwaza baba mmoja: mwenye busara, asiyekunywa, anayeangalia faida ya mtoto kabla ya faida ya mfuko wake. Kezilahabi naye, bila shaka pasipo kuwa na muswada mkononi, aliandika baba mwingine. Na Regina? Regina yuko ndani, anaona, anaumia, mwenyewe anapigwa, na kauli yake haizuii jambo. Kwa maneno mengine, yuko mahali palepale kifungu kilipomweka.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rasimu hii alinipinga. Alisema: Zakaria hakumwoza Rosa utotoni, wala hakumuuza, kosa lake ni kumlinda kupita kiasi, sasa kifungu cha ndoa kinaingiaje? Pingamizi zuri. Na hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Zakaria anamlinda Rosa kweli. Lakini anamlinda kama sisi kwetu tunavyolinda ulezi usiliwe na ndege: tunaulinda kwa sababu ni wetu, na siku ya kuuvuna tutauvuna wenyewe. Bwana Maksuudi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ndiye huyohuyo. Maimuna anafungiwa ndani kwa jina la heshima. Ulinzi wa namna hii na ruhusa ya kumwoza mtoto vinatoka katika mfuko mmoja. Mwenye haki ya kumfungia ndiye mwenye haki ya kumtoa. Ndiyo maana nikisikia neno "ulinzi wa mtoto" likisemwa semina, huuliza kwanza: ulinzi wa aina gani, wa mtu au wa mali?

Hapa naomba nitoke kidogo vitabuni, kwa sababu swali hili sikulipatia maktaba. Mimi natoka Malangali, Sumbawanga. (Si ile Malangali ya Iringa yenye shule kongwe, kila nikitaja kwetu watu wanaanza kuniuliza habari za Mufindi.) Darasa la saba nilikaa dawati moja na msichana aliyenizidi mwaka mmoja. Tulifanya mtihani Septemba 2017. Matokeo yalipotoka, jina langu lilikuwamo katika orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, lake halikuwamo. Mwaka uliofuata, mahindi yalipokwisha kuvunwa, ile Julai ya upepo na baridi inayokausha midomo, akaolewa. Alikuwa ametimiza 15 miezi michache iliyopita.

Jioni moja kabla ya hapo mama yake alikuja kwetu. Hakukaa sebuleni, aliingia moja kwa moja jikoni, mimi nikiwa nakoleza moto. Akamwambia mama, "Dada, mwanangu bado mdogo. Nimemwambia mwenzangu, hataki kunisikia. Nisindikize ofisini." Wakaenda. Ofisi gani sitaitaja, wala aliyewapokea. Waliporudi niliambiwa jibu walilopewa, nami sijalisahau: baba mzazi karidhia, umri unaruhusu, na huyu si mwanafunzi tena; kwa hiyo, mama, hii si kesi.

Kwa miaka kadhaa nilidhani yule bwana alikuwa amepewa kitu kidogo. Labda, sijui. Lakini nilipofika huku na kuanza kusoma zile sheria kwa mkono wangu nilishituka kukuta kwamba sentensi zake tatu zote zilikuwa na mahali pa kuegemea. Baba karidhia: Kifungu cha 17. Umri unaruhusu: Kifungu cha 13. Si mwanafunzi: mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa atakayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mwanafunzi! Mimi niliyefaulu nilikuwa nimezungushiwa ukuta wa miaka 30. Yeye aliyekosa alama chache alikuwa nje ya ukuta. Tulikuwa tumekaa dawati moja, tumekula kiporo kimoja, na tofauti yetu mbele ya sheria ikawa orodha iliyobandikwa ukutani.

Hapa ndipo panaponisumbua kama msomaji wa matini. "Mtoto" katika maandishi yetu si mhusika mmoja. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika Kifungu cha 4 inasema wazi kwamba mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Basi, hapo umemaliza. Lakini fungua maandishi mengine. Marekebisho ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana, yale yanayoitwa SOSPA, yaliandika kwamba kumwingilia msichana aliye chini ya 18 ni kubaka hata kama alikubali. Halafu sentensi ikaendelea: isipokuwa kama ni mke wake, mwenye miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Soma tena hiyo "isipokuwa". Ni neno moja, lakini linamhamisha binti kutoka nyumba moja hadi nyingine, na jambo lilelile lililokuwa jinai ya miaka 30 asubuhi linakuwa haki ya mume jioni. Mwili ni uleule na umri ni uleule. Kilichobadilika ni nani ana kauli juu yake.

Na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi? Hizo ziliitaja ndoa kuwa mojawapo ya sababu za kumfukuza mwanafunzi shule. Yaani andiko moja linasema baba anaweza kukuoza, jingine linasema ukiozwa utafukuzwa wewe. Wenye mimba nao walifukuzwa, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hawatarudi. Ikabidi kusubiri hadi Novemba 2021 ndipo wizara ikatangaza kwamba wanaweza kurejea katika mfumo rasmi. Mtu akiniambia kwamba tatizo ni wananchi kutojua sheria, namuuliza, ipi?

Tena kuna suala la lugha, ambalo ni letu kabisa. Hadi marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, sheria zetu ziliandikwa na kusomwa kwa Kiingereza. Nusu karne nzima! Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake akiona haki ya mtoto inavunjwa. Wajibu mzuri sana. Mama yule, na mama yangu, walikuwa wanautekeleza jioni ile bila kujua kuwa umeandikwa. Aliyewapokea naye hakujua, au alijua akachagua andiko lingine. Rosa Mistika, kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo Regina angeielewa, ndicho kilichozuiwa mashuleni. Andiko lililompa Zakaria ufunguo liliachwa likitembea, kwa lugha ambayo Regina asingeielewa.

Likizo iliyopita nilimtafsiria mama wa rafiki yangu Kifungu cha 17. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningekuwa mjane ningesikilizwa?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Ninachoweza kumwambia ni habari za Rebeca Gyumi, ambaye mwaka 2016 alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga Vifungu vya 13 na 17. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ilikubaliana naye kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha na kuweka miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba sheria ya 1971 ilikuwa maafikiano, iliyozipa nafasi mila na dini za watu. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hesabu sasa: rafiki yangu aliolewa Julai 2018. Yuko katikati ya hukumu mbili, zote zikisema jambo moja, na yeye akiwa ndani ya nyumba ya watu na mimba ya kwanza. Wala hukumu ya pili haikufuatiwa na Bunge kukimbilia kalamu. Mwaka 2023 wananchi walikuwa bado wanaulizwa maoni.

Ile hoja ya maafikiano naiheshimu kuliko wenzangu wengi wanavyoiheshimu. Mtunga sheria wa 1971 alikuwa anajaribu kuwaweka Waislamu, Wakristo, Wahindu na wenye mila zao chini ya andiko moja, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini maafikiano ni kati ya wanaoketi mezani. Mila ilisemewa na nani? Kwetu Ufipa, mila ninayoijua mimi ina bibi, ina shangazi, ina mama anayejua binti ameanza lini kwenda mwezini na kama nyonga zake zinaweza kubeba mtoto. Mila iliyofika kwenye kifungu ina baba peke yake. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba mila ilipewa nafasi, ni nusu ya mila iliyopewa, ile yenye suruali.

Hebu sasa tutazame mama ambaye hakungoja kuwa mjane. Wengi wetu tulisoma Takadini ya Ben Hanson kidato cha tatu na cha nne. Sekai amekaa miaka bila mtoto, kisha anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila ya kijiji inataka mtoto huyo asiishi. Makwati, mumewe, yu hai. Wazee wapo. Taratibu zote zipo. Sekai anambeba mtoto mgongoni na kutoroka usiku, anakwenda kuokolewa na watu wa kijiji kingine. Tulipokuwa tunafundishwa tuliambiwa tuandike: dhamira, mapenzi ya mama kwa mtoto; ujumbe, tusiwabague watu wenye ualbino. Tukaandika, tukapata alama. Hatukuambiwa tuone kwamba riwaya nzima imejengwa juu ya mama anayevunja utaratibu. Angengoja idhini, kitabu kingeisha sura ya kwanza.

Na sisi wa Rukwa tulikuwa tunakisoma kitabu hiki tukiwa na sababu ya kukisoma vizuri kuliko wengine. Februari 2013 mtoto wa miaka 10 mwenye ualbino alikatwa mkono katika vijiji vya Sumbawanga akitoka shule. Machi 2015 mtoto mwingine, wa miaka 6, akakatwa mkono usiku nyumbani kwao. Sheria ya kuwalinda haikukosekana. Kuua na kujeruhi ni jinai tangu enzi. Serikali iliwakusanya watoto wengi wenye ualbino katika vituo na shule za bweni ili wawe salama. Wakawa salama, na wakawa mbali na mama zao. Sipingi kilichofanyika, kwa hali ya siku zile nisingethubutu. Nasema tu kwamba Sekai alikimbia na mwanawe, na katika utekelezaji wetu mtoto anakimbizwa peke yake. Mama kwa mara nyingine hayumo katika sentensi.

Hadi hapa nimewazungumzia mama na binti, na nitakuwa mwongo nikiishia hapo, maana haki isiyotendeka ina sura nyingine ambayo sisi wenye msimamo wa kijinsia tunapenda kuiruka. Namwuliza msomaji: katika Kilio Chetu, ile tamthilia ya Medical Aid Foundation ya 1996, Joti ni nani? Vitini vyote vinamwita mhuni. Ana wapenzi kadhaa, anamharibu Suzi, anakufa kwa UKIMWI, mwisho. Suzi ni mtoto aliyenyimwa elimu ya jinsia na mama yake. Sawa, na Joti naye? Naye ni mwanafunzi. Naye hakuambiwa. Tamthilia yenyewe inasikitika kwa wote wawili, ndiyo maana kilio ni "chetu". Sisi wahakiki ndio tuliomtoa Joti kwenye umoja ule.

Sheria nayo ilikuwa imekaribia kufanya vivyo hivyo. Chini ya maandishi ya 1998, Suzi akiwa na 16 na Joti akiwa na 17, kukubaliana kwao si kitu: mmoja ni mhasiriwa na mwingine ni mbakaji. Ni kweli yaliweka kwamba mvulana wa miaka 18 au chini, akiwa mkosaji wa mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Na Sheria ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na kutaka mahakama ya watoto imsikilize. Kwenye karatasi Joti amekingwa. Lakini Joti wa Sumbawanga anathibitishaje kwamba ana 17? Cheti cha kuzaliwa hana. Alizaliwa nyumbani, mwaka ule ulezi ulipostawi sana, ndiyo tarehe. Mahakama inaagizwa kuchunguza umri, na kwa vitendo mwenye ndevu zilizoanza kuota hutazamwa kuwa mtu mzima, na kwa mtu mzima ni miaka 30. Nilimfahamu kijana wa namna hiyo. Tulikuwa tunacheza naye mpira wa makaratasi. Sitasema zaidi, kwao bado wanaishi palepale.

Na hata yule atakayetambuliwa kuwa mtoto, ni wapi pa kumpeleka? Shule ya maadilisho ni Irambo, mkoani Mbeya. Kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya mjini kwa njia ya Tunduma ni zaidi ya kilomita 300. Mama wa Malangali anayeuza maharage kwa kisado ataulipia mara ngapi ule mwendo wa basi kwenda kumwona mwanawe? Nimejaribu kufikiria tamthilia yenye onyesho hilo, mama ndani ya basi na kifurushi mapajani, na sikumbuki niliyoisoma. Watunzi wetu wanapenda onyesho la hukumu. Safari ya kwenda kumtazama aliyehukumiwa haina makofi.

Hapa ndipo ninapotaka kuligeuza fimbo kwetu wenyewe. Uhakiki tunaoufanya juu ya mtoto katika fasihi umekuwa wa kuhesabu. Ukatili dhidi ya watoto: hoja tatu kutoka kila riwaya. Nafasi ya mwanamke: mlezi, jasiri, chombo cha starehe. Tunamweka kila mhusika kwenye kapu lake na kufunga. Sasa tofauti yetu na yule bwana wa ofisini ni nini? Yeye pia alikuwa na makapu: mwanafunzi, si mwanafunzi, kaidhinishiwa, hakuidhinishiwa. Alimtazama rafiki yangu, akamtia kwenye kapu linalomfaa kwa mujibu wa maandishi, akamwambia mama yake aende nyumbani. Kwa mtihani wetu angepata alama nzuri.

Kezilahabi hakuwa mtu wa makapu. Mwishoni mwa Rosa Mistika, Rosa akiwa ameshajiua, anampandisha yeye na Zakaria mbele ya Mungu, na binti anamlaumu baba kwa malezi. Wapo waliolicheka onyesho lile kuwa limechomekwa. Mimi zamani nililiona hivyo pia. Sasa naliona kuwa mwandishi alitafuta mahakama ambamo mtoto anaweza kumshitaki baba aliye na haki zote mkononi, akaikosa duniani. Hata huko mbinguni, lakini, wanaosimama kizimbani ni wawili. Regina hayupo. Kwa hilo mwandishi na mtunga sheria wa 1971 wamekutana, na sijawahi kusikia darasani swali la kwa nini.

Rafiki yangu ana watoto wawili sasa, wa kwanza ni wa kike. Nilipokwenda kumsalimu aliniuliza kama chuoni bado tunasoma hadithi, nikasema ndiyo, akacheka. Muhula ujao semina yetu inaanza na Kilio Chetu, nami nimeomba zamu ya kwanza ya kuwasilisha. Nitamsoma Joti kama mtoto, halafu nitamsoma Mama Suzi kama mtu ambaye labda hakuna ofisi iliyowahi kumfungulia mlango. Wenye vitini njooni navyo tubishane.